Siku Nilipoanguka Nikimuuguza Mamako

Akinyi mwanangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na mamako, kwenda Kesses kumuaga kogo, mama ya mamako, na mimi nimebaki hapa mezani na kikombe changu cha chai. Niliwaambia nabaki kwa sababu kuna mteja anakuja kuchukua cherehani yake. Hakuna mteja, leo ni Jumapili. Nilitaka tu nyumba iwe kimya nipate kukuandikia, maana kuna mambo ambayo nikijaribu kukuambia ana kwa ana nitaanza kukohoa, kisha nitakuuliza kama umefunga sanduku.

Sanduku umefunga, naliona pale mlangoni. Mambo ya jua la Marsabit, maji ya kunywa na jinsi ya kukaa na walimu wenzako, mamako ameshakuambia na akarudia, na najua ataanza tena mkiwa njiani. Mimi nataka kukujibu lile swali ulilouliza Jumanne tukila, nikalikwepa.

Ulisema, "Dad, si niwaambie tu siendi? Kazi ingine itakuja. Nikienda huko mbali, nani atabaki na nyinyi?"

Mamako aliweka kijiko chini. Hakukuangalia wewe, aliniangalia mimi. Akasema, "Baba Akinyi, hiyo ni yako. Mwambie."

Nami nikasema ugali unapoa.

Basi nakujibu leo. Lakini ili jibu likae vizuri lazima nianzie nyuma kidogo, na unisamehe, wewe mwenyewe unajua siwezi kueleza kitu bila kuzunguka.

Ulishasikia jinsi nilivyotoka Ahero nikaja Eldoret kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na jinsi kiwanda kilipofungwa nikaanza kutengeneza cherehani za watu. Hiyo hadithi nimeichosha. Kile hujasikia ni neno moja lililosemwa siku tulipoenda kwa kina mamako kuomba kuoana. Kulikuwa na mzee mmoja wa upande wao, ameshafariki, mtu wa utani mwingi. Alinitazama sana, halafu akawaambia wenzake, "Huyu kijana wa ziwani anaongea vizuri. Lakini siku ya shida, atamchunga msichana wetu, ama atamrudisha hapa?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Mzee mwenyewe nadhani alisahau kabla hajafika kwake. Mimi sikusahau. Nilirudi mjini na neno hilo, nikalibeba miaka yote, na kila nilipofanya jambo zuri nyumbani kwangu nilikuwa kama namjibu yule mzee.

Kwa hivyo mamako alipopata uvimbe kwenye titi, wakampima, na daktari akatukalisha chini akatuambia ni kansa, jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa kwamba huenda nikampoteza. Hilo lilikuja baadaye, nikiwa peke yangu dukani. La kwanza lilikuwa: siku yenyewe imefika, na watu wa Kesses wananiangalia.

Ulikuwa chuoni wakati huo. Tulikuambia kuhusu upasuaji, ukaja, ukakaa wikendi, tukakurudisha ukafanye mitihani yako. Ulipoondoka, Anti Jepkosgei akaja. Unamjua dada ya mamako, haombi ruhusa. Aliingia na begi la nguo na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, akaweka begi kwenye kiti, akasema, "Shemeji, nimekuja kukaa. Mpaka amalize hizo dawa za kemo."

Nikamwambia, "Asante sana, shemeji, lakini sisi tuko sawa."

"Uko sawa na nani? Wewe uko dukani mchana."

"Nimepanga kila kitu."

Alikaa na dada yake mchana wote. Nilisikia wakiongea Kinandi chumbani, na mamako akicheka, kitu ambacho sikuwa nimesikia tangu atoke hospitali. Ungefikiri kicheko hicho kingenifungua macho. Jioni nilichukua begi lake, ambalo halikuwa limefunguliwa hata zipu, nikalibeba mpaka steji ya matatu. Kabla hajaondoka aliniambia, polepole, bila hasira, "Otieno, mimi sikuja kukukagua."

Nikajifanya sikusikia.

Basi nikaanza kazi, Akinyi, na niliifanya kama mtu aliyewekewa saa. Niliamka kabla ya kupambazuka, nikachemsha maji, nikapika uji wa wimbi, nikamwogesha mamako kwa sababu mkono wa upande ule wa kidonda ulikuwa hauinuki, nikafua, nikaanika, nikakimbia dukani, nikarudi saa sita kumpa chakula, nikakimbia tena. Kemo ilipoanza alikuwa anatapika mpaka anabaki anatetemeka, nami nikalala kwenye kiti kando ya kitanda na beseni miguuni. Majirani walikuwa wanasema, "Huyo mwanaume ni mmoja kati ya elfu." Wanawake wa kanisa walileta chakula, nikapokea mlangoni nikashukuru, nikawarudishia vyombo vyao vikiwa vimeoshwa na kung'aa, ili wasiseme. Baadaye wakaacha kuleta. Waliona hatuhitaji.

Mimi mwenyewe nilianza kupungua kwa vitu vidogo vidogo. Kwaya niliacha. Walimpa mtu mwingine sehemu yangu ya besi na sikuuliza. Wafula, yule seremala wa duka la kando, alikuwa amezoea tucheze drafti na vifuniko vya soda wakati hakuna wateja. Nikaanza kumwambia niko bize, hata siku ambazo nilikuwa nimekaa tu natazama ukuta. Chakula nilikula kile mamako alichobakisha, nikiwa nimesimama kando ya sinki, sahani mkononi. Na kliniki yangu ya presha niliiacha. Tembe zilipoisha sikurudi kuchukua zingine. Nilijiambia nyumba moja haiwezi kuwa na wagonjwa wawili, nikaona nimeamua jambo la busara.

Mamako aliuliza, "Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Si nimekula, Jerotich."

Na wewe ulipopiga simu ukauliza, "Na wewe, Dad, uko aje?" nilikuambia niko fiti. Ulikuwa unaniamini. Ulikuwa na sababu gani ya kutoniamini?

Sasa nikuambie jambo ambalo mamako anajua na ameshanisamehe, na nakuandikia kwa ruhusa yake. Asubuhi moja nilimpelekea kikombe cha uji. Nilikuwa nimeukoroga taratibu usiwe na madonge, nikaweka maziwa na sukari kidogo vile anapenda. Akainua kijiko, akakiweka mdomoni, akakitoa. "Baba Akinyi, siwezi. Ni kama nameza chuma." Ni zile dawa, zilikuwa zimebadilisha ladha ya kila kitu, tulikuwa tumeelezwa. Nilijua. Na bado nilimwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea hata tukigombana, "Na wewe pia hujikazi. Mimi nafanya kila kitu hapa. Wewe kumeza tu kunakushinda?"

Alivuta kitambaa chake cha kichwa kikae vizuri, maana nywele zilikuwa zimeisha, kisha akachukua kile kikombe akaanza kunywa. Akanywa wote, macho yake ukutani. Halafu akatapika wote.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji nikalia. Jirani akapita akaniuliza kuna nini, nikasema moshi wa jiko umeniingia machoni. Jiko lilikuwa la gesi.

Nilifikiri baada ya asubuhi hiyo nitajirekebisha, nitapumzika. Nilifanya kinyume. Nilijiadhibu kwa kufanya kazi zaidi. Nilikuwa nimechoka mpaka nikawa mkali, na kwa sababu nilikuwa mkali nikaona sistahili kupumzika. Mtu akishaingia hapo, mwanangu, ni vigumu kutoka bila kusukumwa.

Mimi nilisukumwa na mwili wangu.

Ilikuwa siku ya kemo. Mamako alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake, dripu imeanza, na mimi nikaenda kupanga laini ya dawa za kuzuia kutapika. Kichwa kilikuwa kinagonga tangu nyumbani. Nakumbuka mama mmoja mbele yangu alikuwa na shuka ya bluu, na hiyo bluu ikaanza kupanuka, ikafunika kila kitu. Kisha nikajikuta niko sakafuni, watu wameniinamia, na mkono wangu wa kushoto hausikii nikiuambia usogee.

Waliniweka kwenye machela. Na njia ya kwenda upande wa dharura, kama ilivyokuwa, ilipita mbele ya mlango wa kile chumba cha kemo. Mamako aliinua macho akaona viatu vyangu, vile vya kahawia ambavyo alikuwa ameninunulia mwenyewe. Wauguzi waliniambia baadaye kwamba alisimama na dripu yake mkononi, akiuliza nani wa kumtolea ile sindano aende kwa mume wake. Wakamzuia. Mwishowe wakamsukuma pamoja na ile nguzo ya dripu mpaka nilipokuwa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, wazazi wako: mimi nimelala, yeye ameketi kando, dawa ikimdondokea, na mikono yetu inafikiana kwa shida.

Muuguzi kijana alikuja na kalamu. Akaniuliza kwa heshima, "Mzee, tumpigie nani aje kukaa na nyinyi?"

Ulimi ulikuwa mzito lakini nilimjibu. "Hakuna."

Nakuambia, nilisema hivyo na nilikuwa naamini ni kweli. Katika mji ambao nimeishi tangu ujana, ambapo nimetengeneza cherehani ya karibu kila fundi wa nguo, ambapo nina kanisa, nina Wafula, nina mashemeji, nilitafuta jina la mtu wa kupigiwa simu na sikulipata. Nilikuwa nimewarudisha wote steji.

Mamako akasema, "Yuko. Andika namba ya dada yangu."

Anti Jepkosgei alifika kabla dripu ya mamako haijaisha. Alikuwa amebeba lile begi. Sikuweza kumwangalia. Alinifunika miguu, akaniambia, "Lala, shemeji. Tutagombana ukipona."

Ndipo ulipopigiwa simu ukaja, ukakuta tayari nimeanza kusogeza vidole. Mungu alinihurumia, kilikuwa kiharusi kidogo, mkono ukarudi polepole. Lakini kuna wiki nyingi ambazo sikuweza kupitisha uzi kwenye sindano ya cherehani, na wewe ulinikuta mara kadhaa nimekaa na uzi mkononi ukafikiri nahuzunika juu ya kazi. Kazi haikuwa jambo. Nilikuwa nafikiria nyuso za watu niliowarudisha.

Nilipotoka hospitali kogo alikuja kutoka Kesses kutuona. Alikataa kukaa sebuleni, akaja mpaka kitandani, akaagiza nimiminiwe mursik. Akakaa akiniangalia nikinywa mpaka kikombe kikaisha, kama mtu anayemlisha ndama. Halafu, unajua kogo akiongea Kiswahili anakichonga anavyotaka, akaniambia, "Jepkosgei amenieleza. Umemkataa kwa nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu yule mzee na neno lake. Mara ya kwanza kulitoa mdomoni mwangu tangu nilisikie.

Kogo akasema, "Huyo alikuwa anapenda kucheka. Hata mimi aliniambia mambo siku yangu ya harusi." Kisha akasogea karibu. "Otieno. Wakati wa ile vita, ulikuja kwa nyumba yangu, ukalala kwa stoo ya mahindi, na vijana wangu wakasimama kwa geti. Ulikubali kufichwa. Sasa kufuliwa nguo ndio imekushinda?"

Wewe ulikuwa mdogo wakati wa ule uchaguzi, watu wa kwetu walipokuwa wakifukuzwa mjini, ulidhani tumeenda likizo kwa kogo, ulifurahia ndama. Kogo akaendelea, "Ulifikiri tulikupa mtoto tukafunga mlango? Huyo bado ni wetu. Na wewe ni wetu. Kama unakufa, unaua mtoto wetu mwingine."

Akainuka akaenda kumsaidia Jepkosgei kuosha vyombo. Mimi nikageukia ukutani.

Lakini aliyenifundisha kabisa ni mamako, na hakunifundisha kwa kunifundisha. Tulikuwa tumelala chumba kimoja hapa nyumbani, wagonjwa wawili, ile hali niliyosema haiwezekani, na wewe na Anti mko jikoni mnacheka. Mchana, jua limeingia dirishani. Akaniuliza, "Sasa umepumzika kidogo, naweza kukuambia kitu bila ukasirike?"

"Sema."

"Hiyo miezi yote nilikuwa naona unaisha mbele yangu. Na nilijua ni mimi ninakumaliza. Nikisikia maumivu usiku nilikuwa nauma shuka ili usiamke. Baba Akinyi, hata sikupata nafasi ya kuugua vizuri. Nilikuwa na kazi ya kukuficha."

Akasema tena, "Zamani ukitoka kwaya ulikuwa unakuja na habari. Nani ameimba vibaya, nani amekosana na nani. Nilikuwa naingojea hiyo. Siku hizi ulikuwa unakuja na dawa tu. Nilipata muuguzi, nikakosa mume."

Hapo ndipo nilipolia mbele yake, bila moshi.

Sikubadilika siku moja, usifikiri. Siku ya kwanza Anti aliponifukuza nyumbani Alhamisi mchana niende nikatembee, nilikwenda kwa Wafula nikaketi kama mwizi. Nilikuwa nasikiliza simu kila saa. Wafula hakuniuliza habari ya ugonjwa. Alipanga vifuniko vyake, akanipiga drafti, akanipiga tena, na mara ya tatu aliniibia waziwazi nikamshika mkono, tukaanza kubishana mpaka wateja wakasimama kutazama. Nikajikuta nacheka. Na katikati ya kicheko nikashtuka: mke wangu ana kansa na mimi nacheka. Nikataka kuinuka. Wafula akasema, "Kaa. Hii gemu bado." Nikakaa.

Nilipofika nyumbani mamako aliniuliza nilikuwa wapi, nikamweleza jinsi Wafula alivyoiba. Alicheka mpaka akashika ubavu wa kidonda. Akala chakula chake chote jioni hiyo. Sisemi alikula kwa sababu ya drafti. Nasema tu nilichoona.

Polepole nikarudi kwaya. Walikuwa na besi mwingine, kwa hivyo sasa tuko wawili na tunashindana. Nikarudi kliniki yangu, daktari akaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia ukweli. Asubuhi mamako anaita, "Baba Akinyi, leta zako," nami naleta tembe zangu naye analeta zake, tunameza pamoja kwa maji ya glasi moja kama watu wanaokula kiapo. Wanawake wa kanisa wakija na chakula nawafungulia mlango wote, sio nusu. Na zile siku ambazo nahisi ule ukali unapanda kooni, nimejifunza kusema, "Jerotich, leo nimechoka, niitie dada yako." Mara ya kwanza kusema hivyo nilihisi kama navua shati hadharani. Siku hizi nasema kama mtu anayeomba chumvi.

Sasa nije kwako.

Ulikuja nyumbani nilipoanguka, na ulipomaliza chuo ukarudi hapa, ukapata zile saa za kufundisha kwenye shule ya karibu, ukabaki. Sitasahau. Ulimpeleka mamako kwenye mionzi, ukamshika mkono, ukajua majina ya dawa zote kuliko mimi. Mamako amemaliza matibabu, nywele zimerudi, na vipimo vya mwisho vilikuwa vizuri. Daktari hakusema imeisha kabisa, alisema tuendelee kuja kuangaliwa. Sisi watatu tumekuwa tukiishi ndani ya hilo neno, kuendelea.

Lakini mwanangu, mwezi uliopita rafiki yako Chelimo aliolewa Iten na hukwenda. Ulisema ni siku ya kliniki. Kliniki ilikuwa asubuhi, na Anti alikuwa amejitolea kwenda. Ukiombwa na marafiki zako mtoke, unasema uko bize. Nimesikia ukimwambia mtu kwenye simu kwamba uko fiti, kwa sauti ambayo ninaijua kwa sababu ni yangu. Na Jumanne hiyohiyo, asubuhi, niliingia jikoni nikakukuta unakula kilichobaki kwenye sahani ya mamako, umesimama kando ya sinki. Uligeuka ukaniambia, "Dad, unataka chai?" Mimi nilitoka nje. Sikuwa nataka chai. Nilikuwa nimejiona.

Hakuna aliyekufundisha hivyo ila mimi. Ulirudi nyumbani ukakuta baba aliyeanguka, na ukafikiri kosa ni kwamba hukuwepo. Hapana. Hata ungekuwepo ningekufukuza wewe pia, kwa adabu, na begi lako mkononi. Nilianguka kwa sababu nilifikiri kumpenda mtu ni kumaliza kila kitu changu juu yake. Mamako hakutaka nimalizike. Wala hataki umalizike wewe. Aliniambia jana tukikunja nguo zako, "Huyu mtoto akibaki hapa kwa ajili yangu, nitakuwa nimepona bure."

Kwa hivyo swali lako, nani atabaki na sisi. Anti Jepkosgei anakuja kila Alhamisi na anasema ataanza kuja na Jumatatu. Kogo anatuma maziwa na maagizo. Wafula anajua nikichelewa kufungua duka anapaswa kuja kugonga. Muuguzi wa kliniki ana namba nne za kupiga, na nilijizuia nisicheke nilipokuwa nazitaja, jinsi zilivyokuwa nyingi. Na mimi nabaki na mamako, na mamako anabaki na mimi. Sijui mwaka ujao utakuja na nini. Huenda siku moja nikakupigia nikuambie uje, na nakuahidi sitakuficha, sitasubiri mpaka niko sakafuni ndipo uambiwe na mgeni. Mpaka siku hiyo, fundisha watoto wa watu kemia. Tafuta kwaya huko, au netiboli, ile uliyokuwa unacheza kabla ya haya yote. Ukipata mtu wa kukupikia chakula siku umechoka, kaa kwenye kiti ukile.

Na kama siku moja utaolewa, na huyo mtu wako augue, ama mtoto wako, ama mmoja wetu, utamuuguza, najua, una mikono ya mamako. Muuguze. Ila watu wakija na mabegi yao, wapishe waingie.

Chai yangu imepoa na nasikia mvua inakuja kutoka upande wa Kesses, mtarudi mmelowa. Kuna jambo moja la kesho. Gari lako likianza kutoka, mamako atalia na mimi nitajikaza, kisha yeye atanyamaza na mimi nitaanza. Usishuke. Usigeuke kuangalia kama tuko sawa. Tumeshapanga, mimi na yeye, kwamba tukikuaga hatutarudi nyumbani moja kwa moja. Tutapita mjini, ile hoteli ya ghorofani iliyo na viti vya mto, tutaketi karibu na dirisha tuagize samaki, kichwa kiwe chake kwa sababu anasema miaka hii yote nimekuwa nikimpora, na tutakula polepole mpaka tushibe. Kwa hivyo ukipiga simu mchana ukose kujibiwa, usiogope. Tuko mezani. Endelea na safari.

Babako